Unafunga Ujiji, unapika Tanga

Swali: Shikamoo mama. Nimetokea Tanga, nimeolewa hapa Ujiji mwaka jana. Ramadhani iliyopita nilijitahidi kupika futari kama ya nyumbani: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, sambusa. Tuko watu saba na hela ya nazi peke yake ilinitoa jasho. Mama mkwe alisema futari ya nazi haimkai, anataka mawese. Nikaweka mawese, vikombe viwili kwenye sufuria ya mihogo, mume wangu na wifi wakashinda na kiungulia. Daku tulikuwa tunakula kiporo cha futari, na ikifika saa nne asubuhi kila mtu hoi. Katikati ya mwezi dagaa nao wakapanda bei ghafla. Mwaka huu nijipange vipi?

Marahaba mwanangu, na pole kwa jasho hilo.

Umeniandikia matatizo manne, mimi naliona moja. Unafunga Ujiji lakini unapika Tanga. Jua la huku si la kwenu, mafuta ya huku si ya kwenu, na ziwa hili lina mwezi wake. Nakwambia hivi kwa sababu na mimi nilikuja kuolewa huku nikitokea Tabora, na mwaka wa kwanza nilipika kama niko Tabora. Nianze na jua, maana kulirekebisha hakuna gharama.

Nchi nzima tunatumia saa moja, ila jua halina habari hiyo. Linatumia dakika nne kuvuka kila nyuzi moja ya longitudo, na kutoka Tanga hadi Ujiji ni kama nyuzi tisa na nusu. Fanya hesabu: Magharibi yetu inaingia karibu dakika 40 baada ya kwenu. Hata Tabora wanafuturu kama dakika 12 mbele yetu. Ramadhani inapoangukia mwezi wa pili au wa tatu, adhana ya Ujiji inalia kwenye saa moja na robo usiku. Wewe kwa mazoea ya Tanga unaanza kukaanga saa kumi, saa kumi na mbili na nusu meza imejaa, halafu watu wanakaa dakika 45 wanatazamana na chakula. Kaimati zimeshanyonya shira zikalegea, sambusa zimetoa jasho chini ya kawa. Vitu vya kukaanga viingie kwenye mafuta saa kumi na mbili na nusu, si kabla. Na jihadhari na adhana ya redio au televisheni inayotoka Dar. Shemeji yangu mmoja alikuja kututembelea, akasikia adhana sebuleni, akatia tende mdomoni. Baba mkwe aliyekuwa barazani alimwona dirishani. Kelele zake zilifika msikitini.

Kwenye daku kosa lako ni kubwa zaidi. Kama Magharibi ya huku inavyochelewa, ndivyo na Alfajiri inavyochelewa: miezi hiyo inakaribia saa kumi na mbili. Anayeamka saa tisa na nusu kama alivyozoea pwani, akala akalala, amejiongezea masaa mawili ya njaa asiyoandikiwa. Mtume (S.A.W.) alihimiza futari iharakishwe na daku licheleweshwe, na alisema katika daku mna baraka. Chukua ratiba ya msikiti wenu ibandike ukutani jikoni. Washa jiko saa kumi na nusu, watu wale saa kumi na moja, wamalizie na maji kabla ya muadhini kushika kipaza sauti. Hilo peke yake litamsogeza mtu kutoka kuchoka saa nne hadi saa sita, na wewe hujaongeza hata senti.

Sasa mawese. Mama mkwe wako ana haki yake, na mume wako naye hadanganyi. Mawese mazuri hayachomi mtu. Yanayochoma yana mambo matatu: yamechacha, yameungua, au yamezidi.

Kuchacha kunaanzia kwa mkamuaji. Chikichi zikikaa siku nyingi baada ya kuangushwa mtini, asidi inapanda ndani ya mafuta kabla hata hayajakamuliwa, na ukiyapika vipi hayatengenezeki. Ukienda sokoni Mwanga au hapa Ujiji usinunue kwa rangi, wekundu wanao wote. Omba tone kwenye kiganja, lisugue mpaka lipate joto, nusa. Mawese mapya yana harufu tamu kama ya boga lililochemshwa. Kisha weka ncha ya ulimi na umeze mate. Kama koo linawasha kama umelamba sabuni, rudisha chupa taratibu, mwambie mwenye meza utapita kesho. Asubuhi za baridi utaona chupa imegawanyika, juu mafuta mepesi mekundu, chini chenga za rangi ya machungwa zilizoganda. Huo si uchakachuaji, mawese ndivyo yalivyo. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, tikisa, tumia. Yanayorusha matone na kutoa povu jingi kwenye sufuria ndiyo yenye maji ndani, na hayo hayakai sana.

Nina aibu yangu hapa. Mwaka mmoja nilinunua dumu zima la lita 20 kwa bei iliyoniziba macho, miezi miwili kabla ya Ramadhani. Halikuonjwa. Siku ya kwanza ya mwezi nikapikia na majirani, na kwenye tarawehe safu yetu ya wanawake ilikuwa inakohoa kwa zamu. Mpaka leo wakitaka kunitania wanajikohoza. Dumu lile liliishia kuwa sabuni.

Kuunguza ni tabia ya jikoni. Wengi huku wanayaacha mawese motoni mpaka yafuke moshi na kupauka, eti kuondoa harufu. Ule wekundu ni karotini, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Moto mkali unakiua, unabaki na mafuta yaliyoungua. Yapashe kwa moto wa wastani, kitunguu kikiingia kisikike kikilia kidogo tu, basi. Kama harufu inakusumbua wewe wa pwani, tangawizi na ndimu vinaishusha vizuri kuliko moshi.

Na kuzidi: umeandika kwamba uliweka vikombe viwili kwenye sufuria ya mihogo. Mwanangu! Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Mtu ameshinda tumbo tupu, anajaza mihogo inayoelea kwenye mafuta, anakwenda kuinama na kusujudu rakaa kwa rakaa, akirudi analala. Tindikali itaacha kupanda kooni kwa sababu gani? Kwa watu saba na kilo mbili za mihogo, vijiko vinne vya mezani vinatosha.

Nazi usiitupe, ila iwe ya heshima. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na tangu hapo vitu vya pwani vinakuja, lakini kila nazi unayoikuna hapa imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 na nauli yake iko ndani ya bei. Nyingine inafika maji yameshakauka. Itikise usikie maji, na bonyeza macho yake matatu, likiwepo lenye ukungu au linalotota iache. Ijumaa, usiku wa 27 na mgeni akija, pika nazi. Siku nyingine tui lako ni karanga, ambazo huku hazina shida. Napika hivi, na wapwani wawili walishaniuliza nimepata wapi nazi nzito namna hii:

Menya kilo mbili za mihogo mitamu, kata vipande vya urefu wa kidole, pasua, toa mzizi wa katikati. Muulize muuzaji waziwazi kama ni mitamu. Ile michungu ina sumu ambayo kuchemsha hivi hakuimalizi, inataka kulowekwa na kuanikwa ndipo isagwe unga. Chemsha kwenye maji mengi bila kufunika, dakika kumi baada ya kutokota mwaga maji hayo, weka mengine ya moto yafunike mihogo tu, na chumvi kiasi. Wakati inaiva, kaanga nusu kikombe cha karanga bila mafuta mpaka maganda yaachie, pepeta, twanga kwenye kinu mpaka zianze kushikana na mchi ung'ae. Koroga na kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu. Kwenye sufuria nyingine pasha vijiko vinne vya mawese, kitunguu kimoja kikubwa, tangawizi iliyopondwa, nyanya mbili, acha nyanya ziive kabisa mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mimina juu ya mihogo, tia tui la karanga, punguza mkaa. Hapo usiende kuangalia simu: karanga zinazama na kushika chini, na zikiungua sufuria nzima inanuka. Koroga kutokea chini dakika kumi. Pilipili mbuzi moja nzima, isipasuliwe, iogelee juu. Ukiepua kamulia ndimu nusu. Itakuwa nzito, ya rangi ya machungwa, mama mkwe ataona mawese yake na mume hataona kiungulia.

Meza ya futari nyingine ipunguze. Ulikuwa na wanga wa aina tano: mihogo, magimbi, tambi, kaimati na manda za sambusa. Chagua mmoja wa sufuria na mmoja wa kukaanga, tena wa kukaanga si kila siku. Fungueni kwa tende na maji. Tende tatu kwa kila mtu, watu saba, siku 30, ni tende 630, ambazo kwa zile ndogo ni kama kilo tano. Nunua kabla mwezi haujaandama, bei haijashtuka. Kisha uji mwepesi wa mchele au ulezi wenye pilipili manga na iliki, na ukipata asali ya kwetu Tabora iweke badala ya sukari, uji unakuwa na harufu ya msitu. Wanaume waende wakaswali Magharibi, wakirudi ndipo mihogo iletwe. Ule muda mdogo unalipa tumbo nafasi ya kuamka, na utashangaa chakula kinavyobaki. Mwaka jana kilikuwa kinaisha kwa sababu macho yalikuwa yanakula, matumbo yalikuwa hayajaulizwa.

Ulichokipunguza kwenye futari kipeleke kwenye daku. Hapa ndipo nyumba nyingi za Ujiji zinapoharibu, na si za wageni peke yake. Kiporo cha mihogo na chai ya rangi si daku. Muhogo ni wanga mtupu, una protini kidogo sana. Unajaza, unatoa nguvu za haraka, unamwacha mtu njiani. Maharage ndiyo yanayotembea na mfungaji. Yetu yanatoka Kasulu na Buhigwe, hayana safari ndefu. Kwa watu saba vikombe viwili vikavu. Yaloweke baada ya Adhuhuri, usiku mwaga maji ya kulowekea, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi yakitokota hasa, maana maharage mabichi au ya moto mdogo yanaumiza tumbo, halafu yaache yaive karibu kabisa. Mnapojiandaa kulala, yatokotese tena, funika, ingiza sufuria kwenye kapu lililojazwa blanketi kuukuu au kanga chakavu chini, pembeni na juu. Yanaendelea kuiva yenyewe bila mkaa. Saa kumi na nusu ukifunua mvuke unakupiga usoni, unayatokotesha mara moja na kuyaunga. Mkaa ulioubana hapo ndio utakaokaangia kaimati za Ijumaa, na mvua za miezi hii unajua zinavyoulowesha na kuupandisha bei.

Kula na ndizi za kuchemsha, au ugali wa muhogo kama ndio wazee wanaoutaka, kwa kuwa sasa una maharage pembeni haudhuru. Uji wa ulezi unaweza kuupika usiku ukauweka kwenye chupa ya chai. Suuza chupa kwanza kwa maji yanayochemka na uji uwe mwepesi kuliko unavyotaka, kwani ndani ya chupa unazidi kuwa mzito.

Wali wa futari usiulaze kwenye sufuria jikoni ukaupasha daku. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kupikwa, wali ukikaa na uvuguvugu usiku kucha vinazaana na kuacha sumu, na kuupasha hakuiondoi. Pika wali mpya, kikombe kimoja na nusu cha mchele kinaiva dakika 20. Mfungaji akianza kuharisha saa tatu asubuhi funga yake imekuwa adhabu.

Chumvi daku iwe kidogo kuliko kawaida. Chumvi ya Uvinza tunayo karibu lakini si sababu ya kuimimina. Ndiyo inayoleta kiu ya saa saba. Chai pia ipunguze, wengi inawakimbiza chooni na maji waliyokunywa. Maji yanyweke kidogo kidogo kuanzia futari, glasi baada ya tarawehe, glasi kabla ya kulala. Lita moja uliyoishindilia dakika tano kabla ya adhana inapita tu. Na kama mama mkwe anatumia dawa za kisukari au presha, hujaniambia, basi aende kwa daktari wake kabla ya mwezi kuanza wapange masaa ya dawa. Hilo silisemei jikoni.

Imebaki dagaa, na hili nalipenda kuliko yote kwa sababu Ramadhani na Ziwa Tanganyika vinafuata kalenda moja bila kuambiana. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi balbu za betri. Mvuvi anawasha, dagaa wanaifuata taa, nyavu inainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima ni taa, dagaa wanatawanyika, hawana haja ya taa ya mtu. Usiku wa mbalamwezi mitumbwi mingi inalala ufukweni, wavuvi wanatengeneza nyavu. Sasa hesabu: mwezi mosi Ramadhani ni mwezi mwembamba, giza, dagaa wapo. Mwezi 15 ni mwezi kamili. Kuanzia kumi hivi hadi kumi na tisa au ishirini mwalo wa Kibirizi unakauka na bei inapanda, kisha giza linarudi na kumi la mwisho dagaa wanajaa tena. Haikuwa bahati mbaya yako. Itakuwa hivyo mwaka huu, na mwakani.

Kwa hiyo wabichi muwale siku saba nane za mwanzo na kumi la mwisho, na kabla ya siku ya nane ya Ramadhani nunua sado ya wakavu wa kuvushia katikati. Wakavu chagua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani utawajua ukichota mkono mmoja na kuutikisa juu ya karatasi nyeupe, mchanga unadondoka wenyewe. Wawe na rangi ya fedha, wavunjike kwa sauti. Wa njano wenye harufu ya mafuta ya zamani wamekaa sana. Kuwaosha usiwamimine pamoja na maji, utarudisha mchanga juu yao. Waweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, wachezeshe kwa vidole, kisha waokote kutoka juu kwa kiganja uwapeleke beseni la pili. Sugua vidole chini ya beseni: ukisikia chenga, rudia. Kwa kawaida mara tatu. Wapike na nyanya nyingi, mafuta kidogo, na uwaonje kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa wengine wanakaushwa na chumvi tayari. Migebuka wa moshi nao wanavusha, mmoja mkubwa ukimchambua ndani ya maharage unalisha nyumba.

Kuhusu mama mkwe, siku ya kwanza ya mwezi mwachie yeye sufuria ya mihogo. Kaa kwenye kigoda na kijiko chako, umwombe akuoneshe, na kila anapomimina mawese sema, "Mama, subiri nihesabu nisije nikasahau." Wa kwangu alifika kijiko cha tano akasimamisha chupa mwenyewe.